Mshauri wa Chama na Adabu ya Mahali

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi)



Jambo lililowekwa mbele ya mkutano huu ni uelekezaji wa kazi, yaani ile kazi ya mtu mwenye ujuzi kukaa na mwenzake mwenye dhamana ili amsaidie kuitimiza dhamana hiyo. Katika ushirika kazi hiyo hufanyika kila siku: mkaguzi humwelekeza katibu, katibu humwelekeza karani wa mizani, na mwalimu wa chuo huwaelekeza wote. Mara nyingi hesabu ndizo hufikiriwa kuwa sehemu ngumu ya kazi hiyo. Kumbe hesabu zina kanuni zilizo wazi, na upande wa kushoto wa daftari ni ule ule Moshi na Mwanza. Ugumu uko kwa watu wawili wanaokaa mezani, kila mmoja na umri wake, malezi yake na adabu ya kwao. Na gharama ya ugumu huo hulipwa na mkulima ambaye hakuwapo mezani.

Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa katika nyanda za juu kilikuwa na katibu mwenye umri wa miaka 58, aliyekuwa amekitumikia kwa miaka 19. Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba, mwandiko wake ulikuwa mzuri kupindukia, na pale kijijini alikuwa mzee wa kanisa na msuluhishi wa ugomvi wa mipaka ya mashamba. Ulipofika wakati wa kubadili utaratibu wa kuandika madeni ya pembejeo, alipelekewa afisa wa miaka 27, mwenye shahada, hodari wa kazi na asiyegusa rushwa, aliyezaliwa mkoa wa mbali. Kijana huyo hakuwa mtu wa kiburi. Yafaa hili lisemwe mapema, kwa sababu visa vya namna hii husimuliwa kana kwamba kijana alikuwa jeuri na mzee alikuwa malaika.

Siku ya kwanza afisa alifika kwa haraka, kwa kuwa basi lilichelewa. Alisema "Habari za kazi" mahali pa "Shikamoo", akaketi katika kiti alichokiona kitupu nyuma ya meza, ambacho ndicho kiti cha katibu, akafungua kompyuta yake. Mlangoni wakulima walikuwa wakingojea stakabadhi, na karani wa mizani, ambaye ni mpwa wa katibu, alikuwa akisikiliza. Afisa alipitia daftari, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba ukurasa huu una kosa, na huu nao, na kwamba safu ya madeni haikujazwa. Kisha akaeleza utaratibu mpya kwa muda wa saa mbili. Mwisho akauliza, "Umeelewa, Katibu?" Naye akajibu, "Nimeelewa, bwana afisa." Ziara ya pili ikawa hivyo, na ya tatu ikawa hivyo. Katika taarifa zake zote tatu afisa aliandika kwamba katibu ameelekezwa na ameelewa.

Malipo ya pili yalipokaribia, safu ya madeni ilikuwa tupu bado. Mbolea na dawa zilizokopeshwa mwanzoni mwa msimu hazikuonyesha zimelipwa na nani na zinadaiwa kwa nani, ingawa wakulima wengi walikuwa wamekwisha kulipa taslimu mbele ya katibu. Kama malipo yangefanywa kwa kulifuata daftari lile, mkulima aliyelipa angekatwa mara ya pili. Afisa akaandika taarifa ya nne, na neno "ubadhirifu" likaingia humo. Mwenyekiti wa bodi, ambaye hakuwa rafiki wa katibu hata kidogo, aliomba siku kumi kabla ya taarifa hiyo kwenda mbele.

Kabla ya kueleza siku hizo kumi zilivyotumika, yafaa kutazama nyuma kidogo, maana jambo hili halikuanzia katika chama hicho. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika, ile ya mwaka 1932, ilitungwa kwa ushauri wa C. F. Strickland, aliyepata kuwa msajili wa vyama vya ushirika huko Punjab katika India. Mwaka 1933 Chama Kikuu cha wakulima wa Kilimanjaro, KNCU, kikaanza kazi chini ya sheria hiyo, kikirithi mahali pa kile chama cha wapandaji wa kahawa kilichoundwa mwaka 1925. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo vihamba vya Wachaga viliongozwa kwa kanuni zilizojaribiwa kwa wakulima wa India, ambazo nazo zilifuata vyama vya mikopo vya Raiffeisen kule Ujerumani. Kanuni hizo zilisafiri vizuri. Mwanachama mmoja awe na kura moja, vitabu vikaguliwe, ziada igawanywe kwa kadiri ya mazao aliyoleta mtu: haya yalieleweka Kilimanjaro, na baadaye yakaeleweka katika pamba ya Ziwa, ambako wakulima walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao faida ya kuwa na mpimaji wao wenyewe kando ya mizani ya mfanyabiashara. Kisichosafiri ni namna ya mtu kumwambia mwenzake kwamba amekosea. Hiyo haimo katika sheria wala katika masharti ya chama chochote, na kila mahali ina taratibu zake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi za Denmark, Finland, Norwe na Uswidi ziliungana kusaidia ushirika wa Kenya na Tanzania, na washauri wao wakawekwa karibu na mameneja na walimu wa hapa. Yatupasa kukumbuka mshauri wa aina hiyo alitoka katika hali gani. Zamani Mswidi aliyezungumza na mkubwa wake hakumwita "wewe". Alikitaja cheo chake katikati ya sentensi, kana kwamba anamsema mtu mwingine asiyekuwapo. Mwaka 1967 Bror Rexed, mkuu mpya wa idara ya tiba ya serikali ya Uswidi, aliwatangazia watumishi wake kwamba atamwita kila mmoja wao "du", yaani "wewe", na wao wamwite vivyo hivyo. Watu wengi walikwisha kuanza kuchoka na vyeo, na katika miaka michache desturi ya zamani ikafifia karibu nchi nzima. Basi mtu aliyetoka katika nchi iliyokuwa ikifurahia kuviacha vyeo, akashuka mahali ambapo kijana hamwiti mzee kwa jina tupu, angeweza kwa moyo mweupe kabisa kumwita katibu wa miaka 60 kwa jina lake la ubatizo, akidhani kwamba anamheshimu kama mwenzake aliye sawa naye. Na katibu, kwa moyo mweupe vile vile, angeweza kudhani kwamba anafanywa mtoto. Hakuna aliyekosa adabu ya kwao hapo. Lakini kazi imekwisha kuharibika, na wala hakuna atakayejua iliharibika saa ngapi.

Watu hao hao wa kaskazini walikuwa na kitu kilichopatana na desturi za hapa kuliko wao wenyewe walivyotazamia, nacho ni kikundi cha masomo. Huko Uswidi kikundi cha namna hiyo kilianzishwa na Oscar Olsson mwaka 1902: watu wachache huketi pamoja na kitabu, bila mwalimu wa kusimama mbele, wakajadiliana. Elimu ya ushirika iliyoenezwa kutoka Moshi kwa njia ya posta na redio ilitumia vikundi vya aina hiyo kwa makatibu, wanakamati na wanachama. Mkao wake haukuwa mgeni kwa mtu aliyezoea kuketi barazani au chini ya mti wa mkutano. Katika kikundi swali huulizwa na wote na kosa huwa la wote. Mzee aweza kunyamaza, akasikia jibu la swali alilokuwa nalo moyoni, akaenda kulifanyia kazi bila mtu kujua kwamba hakuwa akilijua. Wapo maafisa wanaoona kwamba njia hiyo hupoteza muda. Muda wanaookoa wao hupotea wakati wa ukaguzi.

Wala isidhaniwe kwamba tofauti hizi ni za Mzungu na Mwafrika tu. Mtaalamu wa Kiholanzi Geert Hofstede alitoa kitabu mwaka 1980 kutokana na majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi, akapima jinsi watu wa kila nchi wanavyoukubali umbali kati ya mkubwa na mdogo. Katika hesabu zake za baadaye Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia ziliwekwa katika fungu moja, likaitwa Afrika Mashariki. Kazi hiyo ina manufaa yake kwa wenye makampuni makubwa. Lakini mkaguzi anayevuka mto mmoja asubuhi, akakuta kwamba upande wa pili mwanamke hupiga magoti anaposalimu na upande alikotoka hapigi, hawezi kuitegemea. Fungu la nchi nne ni kikapu kikubwa mno kwa mtu anayetafuta punje moja.

Chukueni mfano wa Rungwe. Kwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa, mke wa kijana alimwepuka kabisa baba mkwe wake: hakumtazama, hakukutana naye njiani, hakulitamka jina lake, na aliepuka hata maneno yanayofanana na jina hilo. Mambo yamelegea sana tangu siku hizo, na familia nyingi zimeyaacha. Lakini staha ya mkwe haijafutika katika nchi yetu, huko wala kwingineko. Basi mwelekezaji aitapo semina ya wanachama katika chumba kimoja, akamsimamisha mwanachama mwanamke na kumtaka aeleze mbele ya watu kwa nini kilo zake zimepungua msimu huu, na baba mkwe wake ameketi mstari wa mbele, jibu atakalopata ni kimya. Akiandika kwamba "akina mama hawana mwamko", amekosea mara mbili: amemwonea mama huyo, na amekosa taarifa ambayo huenda ingemwonyesha kwamba mizani ya kituo ina hitilafu. Kulipata jibu hilo hakuhitaji kuivunja desturi ya mtu. Kwahitaji kuuliza mahali pengine, saa nyingine, na pengine kupitia kwa mwanamke mwenzake.

Upo pia utani, ambao ni hazina isiyotumiwa ipasavyo na watumishi wa ushirika. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo nao wana utani wao uliotokana na safari za misafara ya kwenda pwani. Mtani huingia mahali ambapo mgeni hangeingia. Aweza kumwambia katibu, huku watu wakicheka, kwamba daftari lake limekonda kwa kukosa kulishwa, na katibu akacheka, akalifungua. Maneno yale yale yakitoka kinywani mwa mtu asiye mtani huwa ni tusi. Lakini utani una mipaka yake. Haufai kuandikwa katika taarifa, haufai fedha zinapopungua, na haumfai mtu ambaye hana utani na mwenyeji wake bali anajifanyia tu mzaha. Huyo wa mwisho wamejaa kila ofisi.

Katika miaka ya karibuni hali imepata sura nyingine. Tangu sheria ya mwaka 2013 ilipounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na tangu vyama vilipoanza kuingiza taarifa zake katika mfumo wa kompyuta uitwao MUVU, mara nyingi mwenye ujuzi mpya ni kijana na mwenye dhamana ni mzee. Zamani ujuzi na umri vilielekea kwenda pamoja, na mzee alipomrekebisha kijana hakuna aliyeona ajabu. Sasa binti wa miaka 24 aliyetoka Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi humwonyesha mtu mwenye umri wa baba yake pa kubonyeza. Zipo bodi zinazomwita binti huyo "mtoto" mbele ya wanachama, na kumtuma chai katikati ya kazi. Adabu ya mahali haimtaki mgeni peke yake ajifunze. Bodi inayomdharau mshauri kwa sababu ya umri wake au kwa sababu ni mwanamke inawanyima wanachama ujuzi walioulipia, na haina haki ya kuuita upungufu huo mila.

Hapo ndipo lazima lisemwe neno gumu zaidi. Heshima hutumiwa pia kama pazia. Kila mkaguzi mwenye miaka ya kutosha kazini amekutana na sanduku la fedha ambalo halifunguliwi kwa sababu mwenye ufunguo ni mzee, au ni shemeji wa mwenyekiti, au yuko msibani, na msiba huo hauishi. Mshauri aliyefundishwa kuogopa kuikosea mila ya watu huondoka bila kuhesabu. Huyo hakuiheshimu mila, ila ameitupa mali ya wanachama. Hakuna kabila katika nchi hii ambalo desturi yake ni kuficha mali ya jamaa. Watunza ghala na watunza mifugo wa zamani waliulizwa, na waliulizwa kwa ukali kuliko anavyoulizwa katibu wa leo. Fedha zihesabiwe siku ile ile, mbele ya mashahidi wanaostahili. Desturi humwambia mshauri aketi wapi, aanze na neno gani, amwite nani kando. Haimwambii aache kuhesabu.

Turudi sasa kwa katibu wetu na siku zake kumi. Mwenyekiti aliomba apelekwe mkaguzi mwingine, na aliyepatikana alikuwa mama wa miaka 51, ambaye naye si mwenyeji wa huko. Alifika Jumamosi alasiri, mizani ikiwa imefungwa na karani amekwenda zake. Hakuingia mpaka alipokaribishwa. Alisema, "Shikamoo, kaka," akaitikiwa, akaketi katika benchi la wakulima, akauliza habari za nyumbani. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba ile ziara ya pili ya afisa ilifanyika siku ya nne baada ya katibu kumzika dada yake, mama wa yule karani. Kijana hakujua, hakuuliza, na hakutoa pole. Mama akatoa pole, akakaa kimya kidogo kama ipasavyo, na hakuna kitabu kilichofunguliwa kwa karibu nusu saa.

Kisha akasema, "Kaka, mimi huu utaratibu mpya nautazama kwa kompyuta tu. Nionyeshe wewe, mkulima akija kulipa deni la mbolea, unafanyaje, tangu anapoingia mlangoni." Katibu akasimama, akafungua kabati, akatoa waya uliopindwa kama ndoana. Nakala zote za stakabadhi za msimu zilikuwa zimechomekwa humo kwa mfuatano wa tarehe. Pamoja nazo lilikuwako daftari la shule, na ndani yake majina ya wakopaji, kila aliyelipa akiwa na alama ya msalaba na siku aliyolipa. Fedha alikuwa amezipeleka benki kila Ijumaa, na hati za benki zilikuwa zimekunjwa ndani ya Biblia ya ofisini. Walipojumlisha, stakabadhi zilizidi fedha za benki kwa shilingi 4,000, na kabla ya jua kuzama wakagundua stakabadhi moja iliyoandikwa mara mbili na kusahauliwa kufutwa.

Kilichomshinda katibu kilikuwa kitu kimoja. Katika daftari lake la zamani la fedha, upande wa kushoto uliandikwa fedha zilizoingia. Katika leja mpya ya kila mkulima, deni la mkulima huandikwa kushoto na malipo yake huandikwa kulia. Kwake yeye fedha zilizoingia chamani zilikuwa zinahamia upande usio wake, naye aliogopa kuharibu kitabu kipya chenye mhuri. Swali hilo lingejibiwa kwa dakika tano. Lakini kuliuliza mbele ya mpwa wake na mbele ya wakulima anaowasuluhisha, kwa kijana aliyekalia kiti chake, hakukuwezekana. Na neno "nimeelewa" lilikuwa njia ya heshima ya kuumaliza mkutano. Mama hakumwacha bila lawama. Alimwambia, wakiwa wawili tu, kwamba "nimeelewa" yake ilikaribia kuwakata wakulima fedha walizokwisha kulipa, na kwamba jina lake mwenyewe lilikuwa limekwisha kuandikwa karibu na neno baya. Katibu alikaa kimya. Kisha wakaandika kurasa sita za kwanza pamoja, mama akisoma stakabadhi na katibu akiandika kwa mwandiko wake ule mzuri, na kila baada ya jina la kumi walibadilishana ili yeye asome na mama akosee, naye amsahihishe.

Malipo ya pili yalifanyika kwa tarehe iliyotangazwa. Taarifa ya nne iliondolewa, na afisa kijana, ambaye kwa sifa yake aliomba mwenyewe arudishwe katika chama kile, alifika tena mwezi uliofuata. Safari hii alibisha hodi. Alisema, "Shikamoo, mzee," na kabla ya jambo lingine lolote akatoa pole ya dada, ingawa ilikuwa imechelewa sana. Katibu aliitikia, akamwekea kiti upande wa dirishani, akamtuma mpwa wake alete chai ya watu watatu. Halafu akafungua leja katika ukurasa wa mwezi Machi, akaweka kidole juu ya mstari mmoja, na kusema kwamba hapo bado hapajamkalia sawa.